Gari lililogoma likitaka: miezi minne na haibridi yangu Dodoma

Nilinunua gari hili Februari mwaka jana kwa dalali, haibridi ndogo (gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja) ya Kijapani ya mwaka 2013, rangi ya fedha, iliyokuwa imetumika Dar kwa miaka mitatu kabla ya kuletwa huku. Kampuni iliyolitengeneza siitaji, maana utaona mbele kwamba haikuwa na kosa lolote. Mimi nilikuwa nakimbia gharama ya mafuta. Nina duka la dawa Majengo, nyumbani ni Kisasa, asubuhi nashusha watoto wawili shule, na gari nililokuwa nalo kabla ya hili lilikunywa kama ng'ombe wa Bahi mwezi wa Oktoba. Miezi minne ya mwanzo nilitamba. Nilikuwa napita kituo cha mafuta nimeshusha kioo ili wanione sisimami.

Juni ikaniadabisha.

Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ile baridi ya Dodoma inayokuja na upepo wa vumbi. Watoto wameshakaa ndani na mabegi yao. Nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe cha POWER. Kwa asiyeijua haibridi: hakuna ule mlio wa stata tuliouzoea. Ukibonyeza, dashibodi inawaka, halafu linatokea neno READY, basi, gari liko tayari kuondoka hata kama injini imenyamaza kimya. Siku hiyo READY haikutokea. Taa zote za dashibodi ziliwaka kwa pamoja kama ukumbi wa harusi, zikafifia, ndani kukasikika mlio wa tiki-tiki-tiki, kisha giza. Nikajaribu tena, hivyo hivyo. Mara ya nne likawaka kama vile hakuna lililotokea, nami nikajisemea labda nilibonyeza vibaya.

Baada ya siku nne likarudia. Nikampelekea fundi wa mtaani kwetu, mtu mwema aliyenitunzia gari la zamani kwa miaka mingi. Nilimweleza hivi, neno kwa neno: "Kaka, mara linawaka, mara linagoma." Akaniambia, "Dada, hizo ni plagi. Magari haya yanataka plagi zake." Plagi nne 120,000, ufundi 30,000. Gari likawaka vizuri siku tisa mfululizo. Nikamsifia yule fundi kanisani, kwenye kikoba, kila mahali. Siku ya kumi likagoma.

Hapo nilitakiwa nijicheke, maana kazi yangu ni ya dawa. Kila wiki anaingia mtu dukani: nipe mseto, kichwa kinauma, mwili umechoka. Namwambia akapime malaria kwanza, kipimo kile cha tone la damu hakizidi dakika ishirini. Wengine wananuna wanakwenda duka la jirani. Mwingine ana mafua, anataka antibayotiki. Mafua yangepona yenyewe ndani ya wiki, lakini akimeza vidonge sifa zote zinakwenda kwa vidonge. Ugonjwa unaokuja na kuondoka humpa sifa kila mganga aliyepita. Nayajua haya, nayasema kila siku nikiwa nimevaa koti jeupe, na bado nililipa 150,000 kwa plagi bila mtu yeyote kupima chochote.

Nikaendelea kulipa. Mwingine akaniambia njia ya hewa ya injini imejaa uchafu, akasafisha kwa 50,000. Ilikuwa chafu kweli, kwa vumbi la huku lazima iwe chafu, ila haikuhusiana na lolote. Katikati ya hapo nilibustiwa mara nne, yaani kuazimwa umeme wa betri ya gari jingine kwa waya, kila mara 10,000 kwa dereva teksi aliye karibu. Mara moja kati ya hizo nusura niharibikiwe kabisa: kijana alikuwa ameshashika waya mwekundu anaupeleka kwenye hasi, simu iko begani anaongea. Nilipiga ukelele hadi simu ikadondoka. Ukigeuza chanya na hasi kwenye haibridi unaweza kuunguza fyuzi kubwa na hata vifaa vya umeme ambavyo bei yake inakaribia bei ya kiwanja. Baadaye nilielekezwa kwamba gari langu lina sehemu maalumu ya kubustia, ndani ya sanduku la fyuzi chini ya boneti, ina kifuniko chekundu. Chanya inafungwa pale, hasi inafungwa kwenye chuma kitupu cha gari, na huna haja ya kufukunyua viti.

Kuna jambo lilitokea Julai ambalo sikulipa uzito. Naelekea mjini, nikafunga breki karibu na Sabasaba, bodaboda nyuma yangu akanikwepa kwa kupanda ukingo wa barabara. Akaja dirishani amefura: "Mama, unasimama bila taa! Taa zako za breki haziwaki!" Nikamjibu kwa ukali kwamba ajifunze kuacha nafasi. Jioni nikamwambia mwanangu aangalie huku nikikanyaga, akasema zinawaka. Nikaona yule kijana alikuwa anatafuta tu wa kumlaumu. Shikilia hapo, nitarudi.

Agosti tukapata msiba Kongwa. Nilikuwa na binamu yangu na mama wadogo wawili kiti cha nyuma. Tulipofika Mbande, pale njia ya Kongwa inapochepuka, nikasimama kununua maji. Nilizima gari dakika tano tu. Nikarudi, nikakanyaga breki, nikabonyeza. Dashibodi ikawaka vizuri, redio ikaimba, hakuna tiki-tiki, hakuna kufifia. Ila READY haikutokea, na gia ikagoma kutoka P, ile ya kuegeshea.

Watu wa Mbande ni wakarimu. Ndani ya dakika moja wanaume sita walikuwa nyuma ya gari wanasukuma. Halikusogea hata inchi, wakazidi kusukuma, mmoja akateleza, mama wadogo ndani wanaomba. Akashuka dereva wa lori la alizeti akasema, "Jamani, hili haliwashwi kwa kusukuma, mtalibomoa bure." Alikuwa sahihi. Haibridi haiwaki kwa kusukumwa, hata ukiishusha mlima wa Gairo, kwa sababu kinachozungusha injini ni mota ya umeme, na mota hiyo haipati umeme mpaka kompyuta zikubali. Nikapiga simu kuita bredauni kutoka mjini, 150,000. Tukakaa juani saa moja na nusu. Msiba unakwenda, simu zinaita, mko wapi, tunakaribia kuzika. Nililia. Nilikaa kwenye usukani nikapiga ile pedali ya breki kwa mguu, kwa hasira tu, mara tatu au nne kama mtu anayeua nge, nikabonyeza kitufe. READY.

Bredauni ilifika dakika kumi baadaye. Dereva akaona gari linanguruma, akacheka, akadai 70,000 ya kuja. Nililipa. Tulikuta wameshazika.

Baada ya hapo nikaenda gereji kubwa. Binamu alinisindikiza, na fundi mkuu alikuwa akimjibu yeye kila nilipouliza mimi. Walichomeka kompyuta, wakasoma, wakatoa orodha ya namba za hitilafu kumi na moja. "Shemeji," akamwambia binamu, "betri kubwa imekufa. Mpya hatuwezi kupata, tutaweka ya mtumba kutoka Dar, milioni mbili na laki tisa." Nikauliza ni namba ipi kati ya hizo kumi na moja inayosema betri imekufa. Akaniambia ni zote kwa ujumla wake. Kupimwa hapo mara mbili nililipa 60,000. Jambo moja la maana nililofanya siku ile, na nilifanya kwa bahati tu, ni kupiga picha ile orodha kwa simu.

Jumamosi nikaenda kikoba kuomba mkopo wa milioni mbili na nusu. Wakanipa. Usiku nikampigia mdogo wangu aliyeko Dar, anaendesha Prius, haibridi ya Toyota, kwenye teksi za mtandao, ili aniulizie bei ya betri huko. Badala ya bei akaanza kunihoji. Dada, likigoma, lilikuwa limelala muda gani? Taa za ndani zinafifia au zinabaki vilevile? Ile taa ndogo kwenye kitufe cha POWER inakuwa rangi gani? Ulisikia nini? Sikuweza kujibu hata moja. Miezi miwili na nusu ya mateso, na nilichokuwa nacho ni sentensi ileile: mara linawaka, mara linagoma. Akaniambia, "Usilipe mtu yeyote chochote wiki tatu. Nunua daftari."

Nilinunua daftari la shilingi mia tano. Kila nilipowasha gari, liwake lisiwake, niliandika siku, saa, muda lilioegeshwa, taa za dashibodi, rangi ya taa ya kitufe, sauti. Watoto waliona mama amechanganyikiwa. Nanukuu machache nilivyoandika:

"Jtatu, 12:25 asb. Limelala tangu jana saa 8 mchana. Taa zimefifia, tiki-tiki. Kitufe kijani halafu kikazima. Limewaka mara ya tatu."

"Jnne, 12:20 asb. Safi."

"Alh, 7:40 mch, nje ya duka. Limeegeshwa dk 15. Taa zote kali. Hakuna sauti. Kitufe RANGI YA MACHUNGWA, si kijani. Gia imekwama P. Nimekanyaga sana, limewaka."

"Jtatu, 12:30 asb. Limelala tangu jana saa 7 mch. Tiki-tiki. Nimebustiwa."

Katika wiki tatu liligoma mara saba. Niliposoma daftari lote usiku mmoja, nilihisi kama nimemwagiwa maji. Hayakuwa matatizo ya namna moja. Mara tano yalikuwa ya asubuhi, gari limelala muda mrefu, na tatu kati ya hizo ni Jumatatu. Mara mbili yalikuwa mchana, gari limetoka kutembea, umeme umejaa tele, na kitufe kilikataa kuwa kijani. Mbande ilikuwa ya kundi hili la pili. Kila fundi aliyekuwa akisikiliza hadithi yangu alikuwa akisikia magonjwa mawili yamefungwa kwenye shuka moja, ndiyo maana hakuna jibu lililokaa.

Nianze na Jumatatu. Haibridi ina betri mbili. Ile kubwa, ambayo kila mtu anaiogopa, ndiyo inayosukuma gari. Kwenye Prius za kizazi cha pili na cha tatu ni ya volti 201.6, kwenye ndogo zaidi inashuka, lakini zote zinaua. Halafu kuna betri ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote, ila yenyewe haizungushi injini. Kazi yake ni kuziamsha kompyuta na kuvuta swichi kubwa zinazoruhusu umeme wa betri kubwa utoke. Ikidhoofika, kompyuta zinaamka nusu, zinalalamika kila moja kwa lugha yake, swichi zinavuta na kuachia, ndiyo ile tiki-tiki, na dashibodi inakuwa harusi. Betri kubwa inaweza kuwa nzima kabisa, na gari lisiwake kwa ajili ya hako kadogo.

Mdogo wangu akanielekeza kwa simu ya video. Nilinunua mita ya kupimia umeme dukani, 25,000, nikafunua kiti cha nyuma (kwenye gari langu betri ndogo iko hapo chini, kwenye mengine iko pembeni ya buti). Jumatatu asubuhi kabla ya kugusa chochote: volti 11.7. Betri ya aina hiyo iliyojaa na kupumzika inatakiwa isome 12.6 au zaidi kidogo. Tukawasha gari bila READY, yaani kubonyeza kitufe mara mbili bila breki, tukawasha taa kubwa: ikaporomoka hadi 9.8. Akaniambia nizime haraka. Lilipofika READY ikasoma 14.1, maana yake mfumo wa kuichaji ulikuwa mzima. Betri yenyewe ndiyo ilikuwa imechoka.

Kwa nini Jumatatu? Hapa aibu ni yangu. Jumapili baada ya ibada mwanangu mkubwa anabaki mazoezi ya kwaya, mimi namsubiri nje kwenye gari, redio inaimba, nimebonyeza kitufe mara moja tu ili "nisichome mafuta". Saa moja, saa moja na nusu. Haibridi kama yangu haina alteneta, kile kifaa kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri. Betri ndogo inachajiwa kutoka betri kubwa, na hilo hutokea gari likiwa READY tu. Bila READY nilikuwa naikamua betri ndogo mpaka tone la mwisho, kisha naendesha dakika kumi na tano hadi nyumbani, nalala. Ukitaka kukaa ndani ya gari usikilize redio, liweke READY, gia kwenye P, breki ya mkono juu. Injini itawaka yenyewe kidogo kidogo inapohitaji, na hapo usiwe umejifungia gereji isiyo na hewa.

Betri tuliyoikuta pia haikuwa yake. Mtu wa kabla yangu aliweka betri ya kawaida ya maji, na lile bomba dogo la kutoa hewa nje limening'inia tupu. Betri inapochajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Kwenye gari la kawaida iko chini ya boneti, hewa inapita. Hii iko chini ya makalio ya watoto wangu. Dalali aliniambia "betri imebadilishwa juzi", nami nikafurahi bila kuuliza ipi kati ya mbili, aina gani, mwezi gani.

Ile ya aina yake, isiyomwagika na yenye tundu la bomba, sikuipata madukani niliyozunguka mjini. Mdogo wangu akaipata Gerezani, Kariakoo, kwa 420,000, akaipakia kwenye basi, 15,000, nikaipokea stendi ya Nanenane. Kuna betri za 170,000 ambazo ukubwa wake unaingia pale pale. Ukishawishika, fikiria bomba.

Sasa ugonjwa wa pili. Nilipomsomea mdogo wangu "kitufe rangi ya machungwa", alinyamaza kidogo akauliza kama taa za breki zinawaka. Nikamkumbuka yule bodaboda wa Sabasaba, nikajisikia vibaya hadi leo. Usiku ule nikarudisha gari nyuma karibu na ukuta, mwanangu mdogo akasimama pembeni, nikawa nakanyaga taratibu. "Imewaka. Imewaka. Haijawaka, mama. Haijawaka. Imewaka." Kati ya mara ishirini, sita hazikuwaka. Julai nilikuwa nimekanyaga mara moja, ikawaka, nikafunga kesi.

Nyuma ya pedali ya breki kuna swichi ndogo kama kidole gumba. Ndiyo inayowasha taa za nyuma, na ndiyo hiyo hiyo inayoiambia kompyuta kwamba dereva amekanyaga breki. Kompyuta isipopata taarifa hiyo, kwake hujakanyaga. Kitufe hakiwi kijani, gia haitoki P, READY haitokei, hata kama mguu wako umezama hadi sakafuni. Swichi yangu ilikuwa imelika ndani, inagusa ikitaka. Kule Mbande nilipoipiga pedali kwa hasira, iligusa. Kwa gari langu kuna njia ya dharura, iko kwenye kitabu chake ambacho bahati mbaya kimeandikwa Kijapani: breki ya mkono juu, gia P, kitufe kikiwa kwenye hatua ya kwanza, kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie kitufe kwa sekunde kama kumi na tano. Ningelijua hilo tungewahi mazishi. Lakini gari lisilo na taa za breki si la kuendelea nalo safari ndefu, hiyo ni ya kukutoa porini tu.

Kuna kijana mmoja Kizota aliyesoma umeme wa magari chuo cha ufundi cha VETA, niliunganishwa naye na mteja wangu. Nilimpelekea gari, betri mpya, daftari na ile picha ya namba kumi na moja. Alisoma daftari kwanza, amesimama, kama dakika tano, hajafungua boneti. Sijawahi kuona fundi anasoma. Kisha akaangalia picha akasema, "Mama, hapa sioni P0A80." Hiyo ndiyo namba ambayo kompyuta ya gari huitoa inapotaka betri kubwa ibadilishwe. Nyingi zilizokuwapo zilianza na U, yaani kompyuta moja inalalamika haimsikii mwenzake, jambo la kawaida volti 12 zinapoporomoka. Akabadilisha betri: hasi ikatoka kwanza na ikarudi mwisho, vichwa akavisugua kwa msasa, bomba la hewa akalichomeka. Akabadilisha swichi, 35,000, kazi ya dakika ishirini, nyingi alizitumia amelala chali chini ya usukani. Ndipo akafuta namba zote na kuniambia niendeshe wiki nzima nirudi aone zipi zitarudi. Hakuna iliyorudi. Ufundi wake wote 40,000, risiti juu.

Alinionyesha kitu kingine ambacho sikuwa nimekiomba. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna tundu lenye vyuma vya mlalo. Nilidhani ni spika. Ni pua ya betri kubwa, feni inavuta hewa ya ndani ya gari kuipoza. Mimi huwa nabeba maboksi ya dawa hapo, yameiziba, na ndani ya feni kulikuwa na vumbi jekundu limeshikamana kama chapati. Betri kubwa ilikuwa nzima, lakini kwa joto la Oktoba na Novemba hapa isingedumu. Sasa maboksi yanakaa buti, na feni inasafishwa kila baada ya miezi sita.

Alipofika kwenye nyaya za rangi ya machungwa aliacha kila kitu akanifundisha kwa uzito. Hizo ndizo za umeme mkubwa. Kuna plagi ya usalama ya kuchomoa, kuna glavu maalumu za mpira wa umeme, na hata baada ya kuchomoa inasubiriwa dakika kumi ili umeme uliobaki uishe. Nilimsimulia kwamba fundi mmoja Julai alishika nyaya hizo kwa mikono mitupu akiwa na bisibisi, gari limetoka kuzimwa. Akatikisa kichwa tu. Ukimwona fundi anazigusa hivyo, funga boneti yako uondoke, hata kama ni shemeji yako.

Hesabu yangu niliiandika ukurasa wa mwisho wa daftari. Plagi 150,000, kusafisha njia ya hewa 50,000, kupimwa gereji 60,000, kubustiwa 40,000, bredauni 70,000. Hiyo ni 370,000 iliyokwenda na upepo. Iliyotibu: betri na usafiri wake 435,000, swichi 35,000, ufundi 40,000, mita 25,000, jumla 535,000. Zote pamoja 905,000, ukiacha bodaboda za kuwapeleka watoto shule na ukiacha msiba, ambao hauna bei. Mkopo wa kikoba niliurudisha bila kuutumia. Mweka hazina alinikata faini ndogo ya usumbufu nami nikailipa nikicheka.

Fundi wangu wa plagi sijamkosea heshima, bado tunasalimiana na gari la mume wangu analitengeneza yeye. Nilimrudishia lawama nusu tu. Mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" akanyamaza, anategemea apewe nini?

Mwezi uliopita lilikataa tena, asubuhi, watoto ndani. Moyo ulinipasuka. Nikafungua daftari, nikaandika: taa kali, hakuna sauti, dashibodi inaonyesha alama ya ufunguo. Nikaugusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe cha POWER huku nimekanyaga breki, kikawa kijani, READY. Ilikuwa betri ya ufunguo, ile ya duara kama kitufe cha shati. Shilingi 3,000.

Na yule bodaboda nimemwona. Kijiwe chake ni hapo hapo Sabasaba. Nilisimamisha gari, nikashuka, nikamwambia kaka yangu, siku ile ulikuwa sahihi, nisamehe. Hakunikumbuka kabisa. Lakini akazunguka nyuma ya gari, akaniambia nikanyage breki, akaangalia kwa makini, akarudi dirishani.

"Mama, zinawaka. Ila ya kushoto balbu imekufa."